Mbwa wa Kuazima

Katika mtaa ule, mtu asiye na mbwa hakuwa na la kuzungumza na mtu. Asubuhi wenyeji walitoka na mbwa wao wamewashika kamba, wakasimama kando ya barabara wakapiga soga wee: habari za chanjo, habari za viroboto, habari za mbwa wa fulani aliyesusa chakula cha kopo kwa sababu kimebadilishwa ladha. Waliulizana "Mtoto ameamkaje?" na mtoto mwenyewe ana mkia. Walikuwepo mume na mke ambao mtaa mzima uliwaita Baba Keki na Mama Keki, na Keki huyo alikuwa mbwa mweupe wa ukubwa wa mto wa sofa, aliyevalishwa sweta hata jua likiwaka.

Bi Mapokezi aliwatazama kupitia dirisha la jikoni, kikombe mkononi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na kazi. Alikaa kwenye meza ya mapokezi ya kampuni moja ya bima tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi zilipoanza kutafuta rangi ya dukani. Kwa maelezo ya mwajiri, kazi yake ilikuwa kupokea wageni. Ukweli ni kwamba ilikuwa kuwakalisha. Mkubwa hakutaka kumwona mgeni, na mgeni hakutakiwa kujua kwamba hatakiwi, na hapo katikati ndipo Bi Mapokezi alipojipatia mkate wake.

"Yuko kwenye kikao, anakuja sasa hivi," angesema. "Keti kidogo, baba." Na mtu aliyeingia akitoa moshi puani kudai fidia ya gari lake angeketi, akaletewa chai, akaulizwa habari za watoto, na jioni akaondoka akishukuru kwa ukarimu. Fidia hana, lakini amefurahi. Kipaji kama hicho hakisomewi.

Siku ya kumuaga, mkurugenzi alisimama mbele ya wafanyakazi akasema, "Mama, kazi imeisha. Sasa pumzika." Watu wakapiga makofi. Wakampa saa kubwa ya ukutani, zawadi ya busara sana kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Akaitundika sebuleni kwenye nyumba yake mpya, akaketi chini yake, akaisikiliza.

Alijitahidi, asije mtu akasema hakujitahidi. Kila asubuhi alisimama getini akawasalimu wapita njia, nao wakaitikia huku macho yakishuka chini, pembeni ya mguu wake, pale ambapo mbwa angetakiwa kuwepo. Wakikuta patupu, wakaendelea na safari. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema, ila katika mtaa huu kamba ilitakiwa iwe mkononi. Mwanawe wa pekee, aliyefanya kazi mbali, alimpigia simu Jumapili kwa Jumapili na kumwambia, "Mama, changamka, tafuta marafiki," utadhani marafiki hupangwa mafungu sokoni kama nyanya.

Upweke ulimuuma. Tusizunguke. Ulimuuma hata akawa anamkaribisha msoma mita ndani kwa chai, na msoma mita akaanza kusoma mita kutoka barabarani.

Kwa hiyo asubuhi ile, wakili mmoja mwenye mbwa mwembamba kama uzi alipomuuliza kwa kupitapita tu, "Na wewe unafuga?", ulimi wa Bi Mapokezi ulikimbia kuliko akili. Huyu wakili ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa umoja wa wafuga mbwa wa mtaa, na kila mtu alimwita Mwenyekiti hata alipokuwa amevaa ndala.

"Ninaye," alisema Bi Mapokezi. "Mkubwa. Ila hapendi kutoka."

"Oh!" Mwenyekiti akasimama. Alisimama kabisa, miguu yote miwili. "Mbona hatujawahi kumwona?"

"Mtamwona. Jumapili njooni kwangu, nyote na mbwa wenu. Nitawafanyia hafla."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa na siku chache tu ifike ukingoni. Alimpigia simu mtoto wa kaka yake, mlinzi kwenye ghala la vigae, na Jumapili mchana kijana wa watu akafika na mbwa wa ghala, dume jeusi lenye kichwa kama ndoo na sikio moja lililopungua.

"Shangazi, huyu hana shida kabisa na mgeni," alisema mlinzi, yeye mwenyewe amebaki nje ya geti. "Mtu yeyote anaingia, hata mwizi. Shida yake ni kutoka."

"Kutoka vipi?"

"Ndivyo alivyofundishwa. Bosi anasema mwizi ukimfukuza getini atarudi kesho. Mwache aingie, akute hawezi kutoka mpaka asubuhi, huyo hatarudi tena maishani. Kwa hiyo huyu akishawekwa getini, anayeingia haulizwi, ila atokaye..." Mlinzi akaonyesha meno yake mwenyewe kwa mfano. "Hata mimi hanipitishi. Mpaka umwambie: kazi imeisha. Kwa sauti ya kawaida, usifoke. Ukishasema hivyo atalala hapo kama gunia."

"Kazi imeisha," Bi Mapokezi alirudia, maneno yale yale ya mkurugenzi.

"Sio sasa, shangazi! Wageni wakishafika wote, ndio umwambie. Jioni nikitoka zamu nitapita kumchukua."

"Anaitwa nani?"

"Tunamwita We."

Hilo halikufaa. Akampa jina la Waziri, jina lililoonekana kumfaa mtu anayekaa mlangoni asifanye lolote. Kisha akaenda kupanga viti. Alivipanga vyote vimeegemea ukuta wa ua, mstari mmoja, na mbele yake meza ndogo yenye majarida ya zamani. Hakutambua alichofanya. Mkono ulipanga wenyewe.

Wageni walifika alasiri. Waziri akamnusa kila mmoja, akasogea pembeni kwa heshima zote, akarudi kujilaza mbele ya geti. "Jamani, mpole!" alisema Mama Keki. "Ana adabu huyu," alisema daktari wa meno, mtu mnene mwenye mbwa mnene aitwaye Bingwa, ambaye mpaka siku ile ubingwa wake ulikuwa wa kulala. Mbwa wenyewe hawakudanganyika. Walimtazama Waziri mara moja, wakakunja mikia, wakaingia chini ya meza ya soseji wote watatu wakabanana. "Wanacheza kujificha," alieleza Baba Keki.

Na hafla ikaendelea kama zinavyoendelea hafla za namna hiyo. Ulikatwa mkate wa nyama wenye mshumaa katikati. Zikapigwa picha. Mbwa mwembamba wa Mwenyekiti, aliyeitwa Malkia, akavishwa kofia ya karatasi, akaitafuna. Watu wazima wenye shahada zao wakabishana kama mbwa huota ndoto, na kama akiota, humwota nani. Bi Mapokezi alizunguka na sahani, akitabasamu, akisubiri aulizwe neno. Mtu mmoja alimuuliza choo kiko wapi.

Soseji zilipokwisha, Mwenyekiti akasimama. Yeye alijulikana kwa kuwa wa kwanza kuondoka popote. Kwenye harusi aliondoka kabla ya keki, kwenye msiba kabla ya udongo kukauka. Mtaa ulisema ni majivuno. "Mimi sikai sana," alisema, akimfungia Malkia kamba, na wengine nao wakaanza kupapasa funguo zao mifukoni. Bi Mapokezi aliwaona wote wakigeuza migongo kwa pamoja, na moyo ukamshuka hadi kwenye kandambili.

Waziri akainuka. Hakubweka. Alijiweka tu katikati ya geti, akakunja mdomo wa juu, na kutoka tumboni mwake ikatoka sauti ya mashine ya kusaga ikiwa mbali.

"Mwambie apishe," alisema Mwenyekiti.

Bi Mapokezi alifungua kinywa kusema yale maneno mawili. Nia alikuwa nayo, namtetea hapo. Lakini kinywa kilikuwa na miaka yake ya kazi, kikatoa kile kilichokizoea.

"Mwalimu wake anakuja sasa hivi," alisema. "Yuko njiani. Ketini kidogo."

Nao wakaketi.

Baba Keki, mwanamume pekee aliyevaa viatu vya mazoezi, alijaribu kumhonga Waziri kwa nyama. Mkono mtupu haulambwi, na huu uliojaa ulilambwa vizuri sana. Nyama ikaliwa yote, na geti likabaki pale pale. Daktari wa meno akatoa shauri la kupanda ukuta, kisha akautazama ukuta, akatazama tumbo lake, akaliondoa shauri mwenyewe. Ndipo Mama Keki akampigia simu kaka yake, kijana wa kunyanyua vyuma. "Kaka, njoo utuokoe, tumezuiwa na mbwa!" Kaka mtu akafika kifua mbele. Waziri akamnusa, akatikisa mkia, akampisha. Shujaa akaingia hadi katikati ya ua, akageuka, akakuta geti lina meno.

"Shemeji," Baba Keki alimwambia, "karibu. Kuna chai."

Bi Mapokezi alileta chai. Akaleta na biskuti. Kila baada ya muda aliinua simu sikioni, akasogea pembeni, akasema na hewa: "Ehe. Umefika wapi? Haya, tunakusubiri." Kisha akarudi na habari njema: mwalimu alikuwa karibu kabisa, ila kuna foleni. Watu wakaguna, wakajiegemeza kwenye viti. Majarida yakaanza kufunuliwa.

Mazungumzo ya viroboto yaliisha kabla chai haijapoa, na watu wakabaki wakitazamana wakiwa hawana mbwa wa kujificha nyuma yake. Mwishowe daktari wa meno, akipapasa sikio la Bingwa chini ya meza, alisema kwamba alimnunua mwezi ule mkewe alipoondoka, kwa sababu nyumba ilikuwa inatoa mwangwi. Hakuna aliyemwomba aseme. Mama Keki akamjazia chai. Baba Keki naye akakiri kwamba sweta za Keki hafumi mkewe, anafuma yeye, usiku, na kwamba inamtuliza. Shemeji yake akacheka hadi akakohoa, kisha akaomba afumiwe moja.

"Na wewe, dada," daktari akamgeukia mwenyeji, "ulikuwa unafanya kazi gani?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Bi Mapokezi aliketi chini ili alipokee vizuri. Akawasimulia habari za mteja aliyekuja kudai bima ya maisha yake mwenyewe, akiwa hai na mwenye haraka, akashikilia kwamba amechoka kungoja. Akaigiza sauti ya mkurugenzi aliyejificha chini ya meza. Shemeji mtu akateleza kwenye kiti kwa kicheko. Mama Keki alifuta machozi kwa sweta la Keki. Hata Bingwa alitoka chini ya meza kuona kuna nini. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Bi Mapokezi alikuwa amepona kabisa, alikuwa anang'aa. Tangu apewe ile saa hakuwahi kufurahi hivyo, na kila alipokumbuka yale maneno mawili aliyasukuma nyuma ya meno. Kidogo tu, alijiambia. Wamalize chai.

Mmoja tu hakucheka. Mwenyekiti alikuwa amekaa kiti cha mwisho, kamba ya Malkia ameizungusha mkononi mpaka vidole vimepauka, anatazama jua likishuka nyuma ya paa la jirani. Hatimaye aliinuka, akamfuata mwenyeji jikoni.

"Huyo mwalimu anakuja kweli?"

"Yuko..."

"Sikiliza, dada yangu. Nina mama nyumbani." Aliongea haraka, akitazama sinki. "Mtaani hawajui. Amepoteza kumbukumbu. Mchana hana neno, ila jua likianza kuzama anamtafuta baba. Baba alikufa zamani. Anataka kutoka akamtafute barabarani, kwa hiyo nikitoka namfungia. Msichana wa kazi Jumapili hayupo. Huwa nahakikisha nimerudi kabla ya giza. Asipofunguliwa anaupiga mlango. Kwa mikono. Hachoki."

Neno "njiani" lilikuwa limeshafika kwenye midomo ya Bi Mapokezi, limevaa, limechana nywele. Aliwahi kuwaambia neno hilo watu ambao nyumba zao ziliungua. Alilimeza. Akaona aibu, aibu halisi, ile inayopanda na joto mpaka masikioni.

Alitoka nje. Kina Keki na daktari walikuwa wamefika kwenye nyimbo. Alipita mbele yao, akasimama karibu na geti, na kwa sauti ya kawaida, bila kufoka, akasema:

"Kazi imeisha."

Waziri alipiga mwayo. Akajizungusha mara moja, akajibwaga pembeni ya ua kama gunia, akafumba macho.

Mwenyekiti hakungoja maelezo. Alivua viatu, akavishika mkononi, akatimka, Malkia nyuma yake. Waliobaki walimtazama mbwa, kisha wakamtazama mwenyeji.

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema daktari wa meno.

"Nilijua."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla hamjaja." Angeweza kusema amekumbuka sasa hivi. Wangemwamini; alikuwa na sura ya kuaminika, ilikuwa sehemu ya ajira. "Na mbwa si wangu. Nimeazima."

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, na Bi Mapokezi alisimama pale jioni ile akiwa uchi mbele ya kila mtu. Walikusanya kamba zao na kofia zao za karatasi. Waliondoka kwa adabu, jambo baya kuliko matusi. Hakuna aliyeshukuru isipokuwa kaka yake Mama Keki, aliyeuliza kama vile vipande vya mkate wa nyama vina mwenyewe.

Mlinzi akaja akachukua mbwa wake. "Alikuwa mzuri, shangazi?"

"Alifanya kazi yake," alisema Bi Mapokezi.

Kesho yake hakukaribia dirisha. Alijua wanachosema kule nje, na kwenye simu zao, na alijua ni kweli. Viti aliviacha vilivyo pale ukutani kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuviingiza ndani. Geti lilipogongwa alidhani ni msoma mita amejisahau.

Alikuwa Mwenyekiti, amevaa suti nyeusi ya mahakamani, na mkononi amemshika mama mmoja mfupi, safi, mwenye mkoba. Mikono ya mama ilikuwa imefungwa bendeji.

"Mimi ni wakili," alisema Mwenyekiti bila salamu. "Kumzuia mtu bila hiari yake ni kosa. Nikitaka, nakupeleka mbele ya sheria leo hii hii."

"Najua." Bi Mapokezi hakuweza kuondoa macho kwenye zile bendeji. "Nisamehe. Sina la kujitetea."

"Huna." Mwenyekiti akapumua. "Nimelala na hasira, nimeamka nayo. Kisha nikafikiri. Jana umetukalisha watu wazima, na mimi wakili mmoja wao, alasiri nzima, kwa maneno matupu. Mbwa aliziba geti tu. Sisi hata hatukuenda tena kuligusa, wenzangu walikuwa wanaimba." Alitazama pembeni, akashusha sauti. "Mimi kwa mama naweza kusema ukweli tu. Kila jioni namwambia baba amekufa, na kila jioni analia upya. Leo nina kesi mpaka jioni. Msichana wa kazi ameacha, anasema haiwezi ile mikono. Na mimi siwezi kufunga ule mlango tena."

Bi Mapokezi alitaka kuuliza kama amesikia sawasawa. Lakini mama alikuwa ameshauachia mkono wa bintiye, anatazama vile viti vilivyoegemea ukuta, meza ndogo, majarida. Alionekana mtu aliyefika ofisi aliyoambiwa aje.

"Samahani, binti," alimwambia Bi Mapokezi. "Namuulizia mume wangu. Yupo?"

Mwenyekiti akafumba macho.

Bi Mapokezi alinyoosha gauni lake, akasogeza kiti cha kwanza, akakipangusa kwa kiganja.

"Yuko kwenye kikao, mama," alisema. "Anakuja sasa hivi. Keti kidogo, nikuletee chai. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo," alisema mama. Akaketi, akauweka mkoba mapajani, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Basi nitamsubiri. Yeye na vikao vyake."

"Wote ndivyo walivyo, mama."

Mwenyekiti alikuwa amesimama getini, geti liko wazi, hakuna wa kumzuia, na mahakamani siku hiyo akachelewa.